Muuguzi Naye Alale

Katika somo la mofolojia mwaka jana tulifundishwa namna kitenzi kinavyobadilika kinapoingia katika kauli ya kutendesha. Kupungua huzaa kupunguza, kuungua huzaa kuunguza. Mwenye kupunguza ndiye anayefanya kitu kipungue, na mwenye kuunguza ndiye anayefanya kitu kiungue. Kisha tukafika kwenye kuugua, nacho kikazaa kuuguza. Darasa zima lilicheka, kwa sababu kwa kuifuata kanuni hiyo, muuguzi angekuwa mtu anayewafanya wengine waugue. Mhadhiri alitueleza kwamba maana haiandamani na umbo kila mara: kuuguza ni kumtunza anayeugua. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini nilitoka darasani nikiwa na wazo jingine. Mimi ninaishi na muuguzi. Nimemwona akiuguza watu usiku na kuugua yeye mwenyewe mchana, na ugonjwa wake haujaandikwa katika kadi yoyote ya hospitali. Ugonjwa huo ni kukosa usingizi.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba usingizi anaoulala muuguzi mchana, baada ya zamu ya usiku, ni sehemu ya kazi yake kama zilivyo sindano na dripu. Kwa hiyo usingizi huo haufai kuachwa uwe shauri lake peke yake. Unawahusu watu wa nyumbani, majirani, na zaidi ya wote wale wanaopanga zamu.

Dada yangu anafanya kazi katika wodi ya watoto ya hospitali moja hapa Kampala ambayo sitaitaja. Zamu ya asubuhi huanza saa mbili na kwisha saa nane mchana. Zamu ya pili huanza saa nane na kwisha saa mbili usiku. Zamu ya usiku huanza saa mbili na kwisha saa mbili asubuhi. Mwenye kuhesabu ataona mara moja kwamba zamu ya usiku ni ndefu maradufu kuliko zile mbili nyingine. Tena ndiyo yenye wauguzi wachache zaidi: mara nyingi dada huwa na mwenzake mmoja tu, na watoto wanaofika arobaini. Hupangiwa usiku kwa wiki nzima, pengine mbili, ndipo apewe siku chache za kupumzika na kurudishwa mchana.

Watu wengi hudhani kwamba kufanya kazi usiku ni sawa na kufanya kazi mchana, tofauti ni giza tu. Ukikesha usiku, si utalala mchana? Saa ni zile zile kumi na mbili. Mimi pia niliona hesabu hiyo ina mantiki mpaka nilipoanza kusoma juu ya jambo hili kwa ajili ya dada. Mwili una saa yake. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuchunguza, katika nzi wadogo wa matunda, jeni zinazoiendesha saa hiyo. Saa ya mwili wa binadamu hurekebishwa hasa na mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, ubongo huachilia homoni ya melatonini inayoutayarisha mwili kulala. Joto la mwili hushuka pole pole na kufika chini kabisa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alfajiri. Kukicha, joto huanza kupanda, melatonini hukatika, na mwili huamka hata kama mwenye mwili hajalala.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili kutoka Uganda hatukupata taabu kujifunza kutaja saa, kwa sababu Kiganda nacho huanza kuhesabu asubuhi. Saa moja ni saa ya kwanza ya mchana baada ya jua kuchomoza. Hapa kwetu penye ikweta hesabu hiyo haipotoki mwaka mzima: Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, iwe Januari au Julai. Muuguzi wa nchi ya kaskazini anaweza kutoka zamu wakati wa baridi kukiwa bado na giza, akafika nyumbani kabla mwili wake haujaambiwa kwamba kumekucha. Dada yangu hana bahati hiyo hata siku moja. Akitoka saa mbili, hukutana na jua kali, na kila miali inayoingia machoni mwake inauambia mwili: amka, kazi imeanza.

Kwa hiyo uchovu na usingizi si kitu kimoja, na nadhani hapo ndipo watu wa nyumbani wanapokosea kuelewa. Mtu anaweza kuchoka mpaka miguu ikatetemeka, na bado asipate hata lepe la usingizi. Kuna nguvu mbili zinazomvuta. Ya kwanza ni deni la usingizi, ambalo huongezeka kila saa anayokaa macho. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo haijali deni hilo. Usiku nguvu zote mbili zinamwambia alale, naye anatakiwa awe macho. Mchana moja inamwambia alale na nyingine inamkataza. Kiswahili kina usemi wa usingizi wa pono, ule mzito wa mtu asiyesikia chochote. Kina pia usingizi wa mang'amung'amu, ambao mtu yumo nusu na nusu. Dada yangu katika wiki za usiku anaujua huu wa pili tu.

Hatari yake si ya dada peke yake. Usiku wa kwanza wa zamu ni mbaya sana. Siku hiyo huwa ameamka asubuhi kama kawaida, akafua, akaenda sokoni, akapika, na jioni akaenda kazini. Atakapokabidhi wodi asubuhi yake atakuwa amekaa macho zaidi ya saa ishirini na nne. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha jaribio lililowalinganisha watu waliokoseshwa usingizi na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 za kukaa macho, utendaji ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia dereva kushika usukani. Baada ya saa 24 ilikuwa kama asilimia 0.10. Hatungemruhusu muuguzi aliyelewa aingie wodini. Muuguzi aliyekosa usingizi tunampa chati ya dawa na kumshukuru kwa moyo wake wa kujitolea.

Dada alinisimulia usiku mmoja wa namna hiyo. Ilikuwa kama saa kumi usiku. Alikuwa ameshika sindano ya dawa ya mtoto, na dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, kwa hiyo ya mtoto mmoja haiwezi kuwa ya mwenzake. Alifika kitandani, akaanza kuutafuta mshipa. Mama wa mtoto, aliyekuwa amelala sakafuni kwenye mkeka, aliinua kichwa akasema, "Sista, wangu ulishamchoma. Bado yule wa pale." Dada aliangalia chati. Mama yule alisema kweli. Hakuna aliyedhurika, na asubuhi hakuna aliyejua ila wao wawili. Nilimwuliza kama alikuwa amesinzia. Akajibu, "Nilikuwa macho, lakini sikuwapo."

Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko takwimu zote nilizosoma. Usiku ule mtoto alilindwa na mama aliyelala sakafuni. Laiti naye angelala usingizi wa pono, nani angesema?

Baada ya zamu kuna safari ya kurudi. Dada hupanda bodaboda ya dereva mmoja tu, kijana wa kituo kilicho mbele ya lango la hospitali, kwa sababu wamewekeana mkataba: kijana azungumze njia nzima na dada amjibu, ili asije akasinzia akaanguka barabarani. Kijana humsimulia ligi ya Uingereza, mechi baada ya mechi. Dada hajali mpira hata kidogo, lakini sasa anawajua wachezaji wote wa Arsenal.

Kisha anafika nyumbani, mahali ambapo kila mtu anadhani kazi imekwisha. Tunakaa katika chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, katika safu ya vyumba vya kupanga. Chumba cha namna hiyo watu wa Kampala hukiita muzigo, neno ambalo haliwezi kumpita hivi hivi mwanafunzi wa Kiswahili. Paa ni la mabati. Ikifika saa tano asubuhi bati limeshika moto, na mwili unaohitaji kupoa ili ulale unazidi kupata joto. Nje watoto wanacheza, redio ya jirani imefunguliwa, fundi anachomelea milango ya chuma ng'ambo ya barabara. Simu inalia. Mama anapiga kutoka kijijini: "Mwanangu, kwa kuwa leo upo nyumbani tu, nipelekee zile pesa za shule za mdogo wako." Neno hilo, "upo nyumbani tu," ndilo linalomnyima dada usingizi kuliko fundi wa milango. Mama hana nia mbaya. Kwake yeye mtu aliye nyumbani saa nne asubuhi ni mtu mwenye nafasi.

Lipo pia jambo gumu zaidi. Mtaani kwetu dada anajulikana kwa jina la Musawo, yaani mganga. Mtoto akipata homa, mzee akipanda presha, mtu akijikata kwa panga, hodi hupigwa kwetu. Wanaobisha hodi ni watu wasio na nauli ya kwenda hospitali, au waliokwenda wakakuta foleni. Awafukuze? Yeye mwenyewe husema kwamba hawezi kuurudisha mlango usoni pa mama aliyebeba mtoto mwenye homa, halafu usiku akaenda kuwahudumia watoto wenye homa kwa mshahara. Nimejaribu kubishana naye nikashindwa. Hata hivyo naona kwamba mtoto wa mchana na mtoto wa usiku wanagombania kitu kimoja. Kila hodi ya saa sita mchana ina malipo yake saa kumi usiku, na anayelipa ni mtoto ambaye mama aliyebisha hodi hatamwona kamwe.

Aliyetusaidia ni mama mwenye nyumba. Nilimwendea nikiwa na wasiwasi, maana mpangaji hamwagizi mwenye nyumba. Nikamwambia, "Mama, samahani, nakuja kuomba jambo dogo kuhusu dada." Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba marehemu mume wake alikuwa mlinzi wa usiku kwa miaka mingi, na kwamba yeye amelea watoto wanne kwa kuwaziba midomo mchana. Jioni aliwaita wapangaji akawaambia, "Musawo akilala mchana, mhesabu kwamba yuko kazini." Wakakubaliana kwamba mwenye shida aje baada ya saa tisa alasiri, isipokuwa mtoto mwenye degedege, mtu anayevuja damu, au mama aliyeshikwa na uchungu. Redio zikapunguzwa. Fundi wa milango hakuwa mpangaji, kwa hiyo yeye anaendelea.

Ndani ya chumba tulifanya mengine ya kawaida. Tuliziba dirisha kwa blanketi jeusi. Dada huvaa miwani ya jua kutoka wodini mpaka mlangoni, ili mwanga usimwahi, na mwanzoni majirani walisema kwamba nesi ameanza kuringa. Aliacha chai na kahawa baada ya saa nane usiku, kwa sababu takriban nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano baada ya kuinywa. Kabla ya usiku wa kwanza wa zamu hulala alasiri saa moja na nusu au mbili. Simu hukaa kwangu, nami nimejifunza kumwambia mama kwa adabu, "Dada yuko kazini, atakupigia saa tisa." Sasa hulala kama saa tano kwa mchana, pale ambapo zamani alipata mbili au tatu. Saa tano hazitoshi, lakini amepata nafuu.

Nimegundua pia kwamba kulala peke yake hakumrudishii mtu nguvu zote. Mwaka 2007 wanasaikolojia Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walieleza mambo manne yanayomsaidia mfanyakazi kupona uchovu wa kazi: kuitoa kazi akilini, kutulia, kujifunza au kumudu jambo lisilo la kazi, na kuwa na mamlaka juu ya muda wake mwenyewe. Kwa muuguzi la kwanza ndilo gumu. Dada alikuwa akifumba macho na kuanza kujiuliza: Je, niliandika ile dozi ya saa kumi na mbili? Dripu ya yule wa kitanda cha dirishani, nilimwambia mwenzangu? Siku hizi haondoki wodini mpaka ameandika kila kitu na kuyasoma makabidhiano kwa sauti mbele ya wanaompokea. Humchelewesha kwa robo saa, lakini husema kwamba mambo yakishakuwa kwenye daftari hayamfuati kitandani. Na katika siku zake za mapumziko amerudia kusuka mikeka, kazi aliyofundishwa na bibi yetu. Anahesabu rangi, anakosea, anafumua, anaanza tena. Mkeka ukikosewa hakuna anayeumia.

Mpaka hapa nimesema mambo ambayo dada, mimi na majirani tuliweza kuyafanya. Nisipoendelea, msomaji anaweza kudhani kwamba blanketi jeusi na miwani ya jua ndiyo dawa. Huo ungekuwa uongo, na ungemwongezea muuguzi mzigo mwingine, kwamba akichoka ni kwa sababu hakujipanga. Katika kazi hii methali inayopendwa na wakubwa ni mvumilivu hula mbivu. Hata hivyo saa ya mwili haifundishiki uvumilivu. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 na tena mwaka 2019 uliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yumkini husababisha saratani kwa binadamu.

Yapo mambo ambayo ni mpanga zamu tu anayeweza kuyafanya. Zamu zinazosogea mbele, kutoka asubuhi hadi alasiri hadi usiku, huusumbua mwili kidogo kuliko zinazorudi nyuma. Muuguzi anayetoka saa mbili usiku asiitwe tena saa mbili asubuhi bila kuhesabu muda wa safari, wa kula na wa kuoga. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1977, linalohusu wauguzi, linataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Ni la zamani kuliko dada yangu. Usingizi mfupi wa dakika ishirini katikati ya usiku, kwa kupokezana na mwenzake, ungeruhusiwa waziwazi badala ya kufanywa kwa woga nyuma ya mlango wa stoo. Yote haya hayahitaji mashine wala jengo jipya. Yanayohitaji pesa ni idadi ya watu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilisema dunia ina wauguzi karibu milioni 28 na imepungukiwa na milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo iko katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati cha ngazi ya chini kama zetu. Wauguzi wawili kwa watoto arobaini hawawezi kupokezana kulala, hata mlango ukiwa wazi.

Katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uuguzi, Florence Nightingale alitenga sura nzima kuhusu kelele, akasisitiza kwamba mgonjwa aliyelala asiamshwe, kwa makusudi wala kwa uzembe. Sisi nasi tuna methali: aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kazi ya uuguzi imejengwa tangu mwanzo juu ya kuulinda usingizi wa mtu mwingine. Ni ajabu kwamba imechukua muda mrefu kuuliza nani analinda usingizi wa mlinzi. Mganga hajigangi, na muuguzi hawezi kusimama mlangoni pake mwenyewe akiwa amelala.

Najua kwamba wengi watakaosoma mkusanyiko huu wana dada, mama au shangazi anayefanya kazi usiku hospitalini, au watakuwa naye jirani watakapopanga. Mkijua ratiba yake, wekeni simu yake mbali, wajibuni wageni kwa niaba yake, na msiseme yupo nyumbani tu. Wale kati yetu watakaokuja kukaa katika ofisi zinazopanga bajeti na zamu, waanze kwa kuuliza muuguzi aliyetoka saa mbili asubuhi alilala saa ngapi. Dada yangu amepangiwa tena usiku kuanzia Jumatatu ijayo. Blanketi la dirishani limefuliwa, na mama mwenye nyumba ameshaambiwa.